Mawe Matatu ya Maktaba

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na chuo kikuu chao cha umma, maktaba ya chuo hicho ilikuwa turubai. Ndiyo, wanangu, turubai, tena lililotoboka. Chini yake Bi Pimbi, mtunza maktaba, alihangaika vitabu visilowe, na kila masika alitupa vilivyooza huku akilia kwa hasira.

Siyo kwamba hakuomba msaada. Mwaka wa kwanza alimwendea Tembo, tajiri wa mashamba. Tembo akaja na tarumbeta na wapiga picha, akaweka jiwe la msingi la marumaru lenye jina lake, akaahidi maktaba ya ghorofa mbili, akala pilau ya chuo, akaondoka. Kimya. Mwaka wa pili akaja Kiboko. Alipoliona jiwe la Tembo alinuna, akasema yeye hajengi juu ya jina la mwenzake, akaweka la kwake. Akala, akaenda zake. Mwaka wa tatu Nyati akafanya vivyo hivyo, na nyama akafungasha ya kupeleka nyumbani.

Mawe matatu ya msingi, ukuta hata mmoja hakuna! Siku mawingu ya masika yalipoanza kutanda, Bi Pimbi aliyatazama mawe yale majanini, damu ikamchemka. Wakubwa hawa walikuwa wamejinunulia sifa kwa sahani ya pilau, na pilau yenyewe hawakuinunua wao.

Akawaita wanafunzi. Wakafyatua matofali ya udongo, wakajenga kijengo cha milango mitatu. Juu ya kila mlango wakapachika jiwe moja na kulifunika kwa pazia. Kisha Bi Pimbi akawaandikia wakubwa kwamba jengo lenye majina yao limekamilika, waje walizindue mbele ya umma.

Wakaja wote watatu, na wakwe zao na majirani. Hakuna aliyeuliza nani kalijenga, ingawa kila mmoja alijua si yeye. Wakashika kamba za mapazia, vifua mbele.

Swaa! Mapazia yakaanguka.

"Jengo hili ni hisani ya Mheshimiwa Tembo," wanafunzi wakasoma kwa pamoja, kisha wakafungua mlango. Ndani kulikuwa na tundu la choo.

Umati ukacheka mpaka mama mkwe wa Nyati akakaa chini.

"Ondoa jina langu hapo sasa hivi," akasema Tembo, masikio yakimtetemeka.

"Mzee, uliniachia jiwe bila jengo, nami nimelitafutia jengo," Bi Pimbi akajibu. "Litahama siku litakapopata ukuta wa maktaba. Kabla ya hapo, watu watajisaidia chini ya jina lako."

Kiboko alitaka kuling'oa la kwake, lakini foleni ilikuwa imeshajipanga mlangoni, na wapiga picha aliowaleta mwenyewe walikuwa wakimsubiri agombanie choo.

Kesho yake saruji ikafika. Wale walioshindwa kuchangia jengo moja kwa miaka mitatu, sasa walisukumana kulimaliza. Baada ya wiki chache bati la mwisho lilipigiliwa jioni, mvua ikanyesha alfajiri, na kwa mara ya kwanza Bi Pimbi alifungua kitabu kikavu wakati wa masika.

Mawe aliyahamisha kama alivyoahidi. Aliyapachika chini kabisa ya ukuta, kwenye kimo cha pimbi, na kila mkubwa aliyetaka kulisoma jina lake ilimbidi apige magoti.

Anayetaka jina lake likae ukutani, ajenge ukuta kwanza.