Ini la Kuonyeshea

Wapendwa, wa nyuma kule wekeni simu chini kidogo, maana neno hili si refu. Alikuwepo daktari mmoja, bingwa wa magonjwa ya ini, msomi wa kusoma hasa. Popote wataalamu walipoitisha kongamano juu ya madhara ya pombe mwilini, jina lake lilitangulia. Akipanda jukwaani na picha zake, ini lililovimba, ini lililojaa makovu, kongosho lililoharibika, ukumbi mzima unameza mate. Waliomsikia walitoka wameapa.

Na jioni je? Jioni, hoteli hiyo hiyo ya kongamano, meza zinapambwa, chupa zinafunguliwa, na wataalamu wale wale wanagonganisha glasi kupongezana kwa mada nzuri. Mnacheka? Chekeni tu, tutafika.

Mkewe aliwahi kumwuliza, "Baba Aikande, hayo unayowafundisha watu, wewe mwenyewe huyasikii?"

Akamjibu kwa upole, maana mpole alikuwa kweli, "Mama, hiyo ni mada ya walevi. Mimi sinywi gongo, silali mtaroni, kazini sijawahi kukosa. Nakunywa vitu safi, tena nikishakula."

Wala hakuwa anamdanganya mkewe. Aliamini hivyo kwa moyo wote, na hapo ndipo penye hatari, ndugu zangu, mtu anapojidanganya mpaka akawa mkweli.

Basi kwenye kongamano moja ikaletwa mashine mpya ya kupima ini, ile ya kupitisha kifaa juu ya ngozi na picha ikaonekana. Aliyepewa kazi ya kuionyesha alikuwa dada mmoja daktari, mwanafunzi wake wa zamani. Sasa desturi ya wenzetu hawa ni kuonyesha kwanza ini zima, halafu ndipo lifuate bovu, watu walinganishe. Mgonjwa alikuwepo, amekaa pembeni anasubiri. Mzima ndiye aliyekosekana, kwani mtu waliyempanga hakutokea. Bingwa wetu akasimama, akavua koti.

"Mnahangaika nini? Ini zima hili hapa."

Wakampigia makofi. Akapanda kitandani, akalala chali, shati akalivuta mpaka kifuani. Yule dada akampaka jeli, akapitisha kifaa huku akitazama kioo kidogo cha mashine. Akasita. Akapitisha tena, polepole. Kisha akamwinamia.

"Profesa, mashine inasumbua. Tutafute mtu mwingine."

"Hapana, mwanangu, usiogope watu. Washa skrini kubwa wakuone unavyofanya."

"Profesa, nakuomba tuache."

"Washa."

Akawasha. Ukumbi ukaangua kicheko, maana walidhani binti wa watu amechanganyikiwa, ameweka picha ya mgonjwa kabla ya zamu yake. Hata bingwa mwenyewe alidhani hivyo. Akainua shingo pale pale alipolala, akaanza kufundisha kama alivyozoea.

"Haya, si mbaya, tuanze na hili. Oneni lilivyojaa vinundu. Oneni lilivyosinyaa. Huyu amechelewa sana, ndugu zangu, huyu hata familia yake tungeiita leo. Sasa, binti, toa hiyo, weka langu."

Yule dada machozi yalikuwa yanamtoka. "Profesa, hili ndilo lako."

Jamani. Alivuta pumzi akaibana, aone kama ni lake kweli, na ile picha ikatulia. Akaiachia, na picha ikasogea. Akabana tena. Watu mia na ushee wanamtazama mtu mzima akijipima kwa pumzi yake mwenyewe, na hakuna aliyecheka tena. Hukumu alikuwa ameshaitoa, kwa kinywa chake, kwa sauti ya darasani.

Mwenyekiti akajikaza. "Wapendwa wataalamu, bado tunahitaji ini zima. Nani atajitolea?"

Ukumbi mzima wa mabingwa, na hakuna aliyeinuka. Mmoja akafunga kifungo cha koti. Mwingine akakunja mikono tumboni.

Sasa tuje kwetu sisi. Yule mtu alikosa nini, elimu? Elimu ilimjaa. Alichokosa ni siku moja tu ya kudhani kwamba anayesemwa ni yeye. Na wewe, tangu nimeanza, umeshamkumbuka shemeji yako. Umeshasema moyoni, laiti fulani angekuja kanisani leo. Unamjua mlevi wa mtaa mzima, na kile unachokitia kwenye kikombe cha chai unakiita dawa ya usingizi. Sisi ndio tunaosoma picha za wenzetu vizuri kuliko madaktari, halafu tunasema toa hiyo, weka yangu.

Ndiyo maana leo sitawaita wenye shida waje mbele. Nawajua, mtageuza shingo kuangalia nani anakwenda. Leo namwita aliye mzima. Asimame pale alipo, tumpime.

Nasubiri.