Aliyemlisha Bi Mwanakheri Komamanga

Hapo zamani, na msidhani watu wa zamani walikuwa na haya kutushinda sisi, alikuwako mjane aliyeitwa Bi Mwanakheri. Mtoto hakujaaliwa. Alikuwa na nyumba nzuri ya mawe, na uani mkomamanga alioupanda marehemu mumewe. Mti ulizaa sana, lakini makomamanga yake yalikuwa machachu kama siki. Hata mbuzi akiyaonja hukunja uso.

Uzee ulipomlemea, akawaita watoto watatu wa kaka yake: Vuai, Machano na Mcha. Hao hata siku ya Idi walikuwa hawaijui njia ya kwake. Waliposikia kuna habari ya nyumba, walifika kabla mjumbe hajarudi.

"Wanangu," akasema, "mti huu haukatwi, ni mkono wa mume wangu. Lakini nimechoka na uchachu. Nataka nile komamanga tamu la mti huuhuu kabla sijafa. Atakayenilisha, nyumba yake."

"Niachie mimi, Shangazi," akasema Vuai.

"Niachie mimi," akasema Machano.

"Niachie mimi," akasema Mcha.

Vuai akasafiri siku nne mpaka kwa wakwe zake, wenye makomamanga matamu ya aina tatu: meupe, mekundu, na yale ya kokwa laini. Akakata vijiti thelathini. Kurudi, akasimama kila baraza kujisifia safari yake, kahawa juu ya kahawa, vijiti vikianikwa juani. Alipofika, vibichi vilibaki vitatu. Kimoja cha kila aina, kwa bahati, si kwa akili.

Machano alijua kubebesha miti: kupasua tawi, kuchomeka kijiti cha mti mwingine, na kufunga mpaka vishikane viwe kitu kimoja. Alikata vizuri, siwezi kumsingizia. Lakini alipofunga kitambaa cha mwisho akakaa kitini, na hata kata ya maji hakuinua tena. "Fundi hachoti maji," akasema.

Akachota Mcha. Asubuhi ndoo, jioni ndoo, viangazi viwili. Na kila ndoo aliitangaza mtaa mzima: "Nanyweshea! Jamani, nanyweshea!" mpaka kuku wakakimbia.

Mwaka wa tatu mti ukazaa. Tawi hili meupe, tawi hili mekundu, tawi hili ya kokwa laini. Watu wakaja kuushangaa. Wakati huo Bi Mwanakheri hakuweza tena kuinuka kitandani. Wajuba watatu kila siku waliingia kuutazama mti, na kila siku wakatoka bila kumtazama shangazi yao.

"Nachuma mimi," akasema Vuai. "Bila vijiti vyangu, kuna nini hapa?"

"Vijiti vyako vingekuwa kuni!" akasema Machano. "Nachuma mimi, mwenye kisu."

"Kuni na kisu!" akasema Mcha. "Maji je? Nachuma mimi."

Wakaapa asiguse mtu mpaka wakubaliane. Hawakukubaliana. Makomamanga yakapasuka mtini, ndege wakala wakashiba. Siku ya sita wakaenda kwa sheha kushtakiana, mgonjwa wakamwacha peke yake.

Jirani, Bi Mize, akasikia ua umenyamaza. Msimdhanie mema. Aliingia kwa mlango wa nyuma na kikapu, kuiba. Akachuma meupe, akachuma mekundu, akachuma ya kokwa laini. Akipita dirishani, akasikia, "Nani huyo?"

Mwizi aliyeshikwa hupata huruma upesi. "Ni mimi, Bi. Nimekuletea komamanga."

Akaingia, akakaa kitandani, akayapasua, akamtia punje kinywani moja moja. Bi Mwanakheri akatafuna kwa ufizi, machozi yakimtiririka. "Laiti mume wangu angeonja," akasema.

Mara wakaingia wale watatu pamoja na sheha, wakamkuta midomo imelowa. Akawatazama, akatabasamu.

"Nimekula. Tamu. Nyumba mpeni aliyenilisha."

Kabla hajaulizwa ni nani, akakata roho. Na wao, kabla ya kumfumba macho, wakaanza.

"Alikula nilicholeta mimi!" akasema Vuai.

"Mti mchachu nimeutia utamu mimi!" akasema Machano.

"Mpaka ukazaa, ni jasho langu!" akasema Mcha.

"Basi mlimpa lini?" akasema Bi Mize, kikapu kakificha chini ya kanga. "Mkono uliofika kinywani ni huu."

Sheha akamfumba marehemu macho yeye mwenyewe. "Mzikeni kwanza," akasema. Wakamzika wakigombana, na mpaka leo sheha hajakata shauri.

Haya, nyinyi mliokuwa mkiwacheka: aliyemlisha Bi Mwanakheri ni nani? Nyumba apewe yupi?