Pimbi na Sheria ya Kulipumzisha Bonde

Hapo zamani za kale, wanangu, wakati wanyama walikuwa bado wanajenga nyumba na kukaribishana chai, kulikuwa na bonde lililoitwa Lukwale. Mto ulipita katikati yake, na majani yake yalikuwa mabichi kiangazi na masika. Humo waliishi wakubwa: Tembo, Kifaru, na Nyati aliyekuwa mjane mwenye ndama mmoja, jina lake Shibe.

Juu ya bonde kulikuwa na kilima kikavu, Jiweni. Mawe na miiba, basi. Huko aliishi Pimbi na mkewe na utitiri wa watoto.

Pimbi hakuwa mkubwa kuliko paka. Lakini ulimi wake! Angeweza kumuuzia samaki maji.

Siku moja akashuka bondeni, akamkuta Tembo anaoga mtoni. Pwaa! Pwaa!

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Mimi mjomba wako tangu lini?"

"Tangu kuumbwa! Hebu tazama meno yangu haya ya mbele. Si pembe kama zako, ila hazijapata chakula?"

Tembo akainama, akatazama, akacheka. Akaona kweli wanafanana kidogo.

"Mjomba," Pimbi akasema kwa sauti ya huzuni, "nchi nzuri kama hii haina Bunge? Huko ng'ambo wanatucheka."

Kitu ambacho Tembo hakukipenda duniani ni kuchekwa. Jioni ile ile akawaita wenzake, na kesho yake ujenzi ukaanza. Kifaru akang'oa mawe kwa pembe, gubu! gubu! Tembo akayabeba. Nyati akakanyaga udongo mpaka kwato zikachubuka. Pimbi alikuwa fundi wa kupima. Alikimbia huku na huku na kamba yake, "Hapa! Hapo! Sogeza, mjomba!"

Nyumba ikasimama. Wakubwa wakajitazama, wakapigana mabega kwa furaha. Kisha Tembo akataka kuingia. Kichwa kikagoma. Akajaribu Kifaru. Pembe ikagonga kizingiti, ko!

"Pimbi! Mlango gani huu?"

"Mjomba, ndani humo ni kukaa kwenye vigoda vidogo na kubishana tangu asubuhi mpaka jua lizame. Hiyo ni kazi ya kumpa mtu mzima kama wewe? Mkubwa hatumwi. Mkubwa hutuma."

"Kweli," akasema Tembo. "Mkubwa hutuma."

"Basi nitume mimi."

Wakamtuma. Na kwa kuwa Bunge haliwi la mtu mmoja, Pimbi akaenda kuwaleta Ndezi, Sungura na Panya, kila mmoja na ukoo wake. Ndezi akawa Spika, maana alikuwa na sauti nzito kuliko umbo lake.

Nyati peke yake ndiye aliyeuliza, "Na sisi tutajuaje mnasema nini humo?"

"Mama Shibe, dirisha si lipo?" akajibu Pimbi. "Simameni nje, mtasikia kila neno."

Na kweli walisikia. Siku ya kwanza ya Bunge wakubwa walisimama chini ya dirisha, masikio yamesimama.

"Muswada wa Kulipumzisha Bonde!" akanguruma Spika Ndezi. "Unasomwa mara ya kwanza! Unasomwa mara ya pili! Wanaoafiki waseme ndiyo!"

"Ndiyoooo!"

"Wasioafiki waseme siyo!"

"Ngoja kwanza!" Nyati akapaza sauti kutoka nje. "Kupumzisha maana yake nini?"

Kichwa cha Pimbi kikachomoza dirishani. "Mama Shibe, taratibu. Sauti ya nje haihesabiwi." Kikarudi ndani.

"Unasomwa mara ya tatu! Umepita!"

Chai ya wabunge ilikuwa bado inafuka moshi.

Pimbi akatoka, akapanda juu ya jiwe ili aonekane. "Ndugu zangu, majani yamechoka. Mmeyakanyaga tangu enzi za babu zenu. Nyie ni wazito, si kosa lenu. Sheria imesema wazito wote wahamie Jiweni ili bonde lipumzike."

"Mpaka lini?" Nyati akauliza.

"Mpaka litakapokuwa limepumzika."

"Nani atajua kama limepumzika?"

"Kamati."

"Kamati ni nani?"

"Mimi na Ndezi."

Kifaru akakuna shavu. Alikuwa mtu wa kufuata amri, hapendi maneno mengi. "Kama ni sheria, ni sheria," akasema, akaanza kupanda kilima. Tembo akamfuata, kwa sababu Bunge lilikuwa lake, amelijenga mwenyewe, angeanzaje kulikataa? Nyati akamchukua Shibe, naye akapanda.

Huko Jiweni waliguguna miiba. Mate yakawa ya damu. Baada ya muda Pimbi akaja na ngoma, ndu! ndu! ndu!

"Habari njema! Bunge limepitisha Azimio la kuwapongeza wazito kwa uzalendo wao! Kwa kauli moja!"

Tembo akasimama wima, mbavu zinahesabika. "Wamenitaja jina?"

"Mara mbili, mjomba. Tukapiga meza."

Machozi yakamtoka Tembo. "Mnaona? Hawajatusahau."

"Pimbi," akasema Nyati, "hilo azimio linaliwa?"

"Wewe Nyati!" Tembo akamkaripia. "Huna shukrani hata kidogo!"

Kiangazi kikakaza. Miiba nayo ikakauka. Maziwa ya Nyati yakakauka, na Shibe, aliyekuwa akirukaruka juu ya mawe kutwa, akaanza kulala mchana. Halafu akawa haamki mpaka aguswe.

"Mama, bonde bado limechoka?"

"Lala, mwanangu. Nakwenda kuuliza."

Nyati akashuka jua likiwa utosini. Alipofika Lukwale alisimama, akadhani amepotea njia. Majani yalikuwa yamemfika magotini. Kando ya mto kulikuwa na nyumba mpya zimepakwa chokaa. Watoto wa Pimbi walikuwa wanabingirika kwenye majani ya kivulini, na mke wa Pimbi ameketi barazani, amenenepa, anasuka ukili.

"Hodi."

"Karibu, Mama Shibe. Lakini usikanyage hapo."

"Shemeji, si bonde linapumzika? Nyie mnafanya nini humu?"

"Sisi tunalilinda. Sheria imesema wazito waondoke. Mimi nina uzito gani?"

Nyati akageuka. Alikwenda moja kwa moja mpaka Bungeni, akaweka mdomo wake mlangoni, maana ndio pekee ulioingia.

"Pimbi! Mwanangu anakufa. Nipe mzigo mmoja wa majani. Mmoja tu."

Pimbi akaja mbio, akamshika Nyati puani kwa viganja vyote viwili, kama anayemfariji ndugu yake. "Pole, Mama Shibe! Pole sana! Ingekuwa ni mimi, ningekupa sasa hivi. Lakini sheria imenifunga mikono. Itabidi tuibadilishe."

"Ibadilisheni."

"Tutaileta kwa hati ya dharura."

Nyati akasubiri chini ya dirisha. Akasikia Spika anaita, "Muswada wa Dharura wa Majani ya Ndama, unasomwa mara ya kwanza!" Moyo wake ukatulia kidogo. Kisha akasikia, "Shughuli zinaahirishwa kwa chakula cha mchana." Halafu akasikia meno, kacha kacha kacha, na harufu ya majani mabichi ikatoka dirishani, ikampanda mpaka kichwani.

Walikula. Wakapumzika. Wakarudi. Panya akasimama kuuliza ndama ni nani kisheria. Sungura akasema wazi kwamba anaunga mkono hoja, ila je, ndama huyo anaweza kuwa mzito baadaye? Wakabishana hapo. Nyati nje alikuwa anakanyaga mguu huu, anakanyaga huu.

Jua likielekea kuzama, Spika akauliza wanaoafiki.

"Ndiyoooo!"

Pimbi akatoka anatweta, uso umejaa furaha. "Mama Shibe! Umepita! Majani atapewa ndama yeyote mgonjwa."

"Nipe, basi!"

"Kuna kifungu kidogo tu. Ndama mwenyewe aje mbele ya kamati, ionekane kweli ni mgonjwa."

"Pimbi, hawezi kusimama."

"Angeweza kusimama, tungesema ni mgonjwa?" Pimbi akainua mabega. "Mlete, Mama Shibe. Tutamsubiri."

Nyati akapanda kilima mbio, mawe yanaporomoka nyuma yake. Alikuwa ameamua kumbeba juu ya pembe zake, liwalo na liwe.

Alimkuta Shibe amelala pale pale alipomwacha, na nzi machoni. Hakuwafukuza.

Wanangu, Nyati hakulia. Alisimama pale akamlamba mwanawe uso mzima, taratibu, kama siku aliyomzaa. Tembo na Kifaru walikuja wakasimama kando, vichwa chini.

"Ni mapenzi ya Mungu," akasema Tembo.

Nyati akamtazama. Akageuka, akashuka.

Safari hii hakubisha hodi. Puuu! Ukuta wa kwanza. Puuu! Wa pili. Vigoda vikaruka, Spika akaingia chini ya meza, Sungura na Panya wakatokea dirishani. Paa likaanguka, vumbi likatanda bonde zima. Na Pimbi? Pimbi alikwishapita katikati ya miguu ya Nyati, chururu, akapanda Jiweni akipiga mayowe.

"Mjomba! Mjomba, uwii! Nyumba yako! Nyumba uliyobeba mawe yake kwa mkono wako, Nyati ameivunja!"

Tembo akatikisika. "Nyumba yangu?"

"Bunge lako, mjomba! Nchi itachekwa!"

Tembo na Kifaru waliposhuka, ardhi ilitetemeka. Walimkuta Nyati amesimama juu ya kifusi. Majani yalikuwa yamemzunguka pande zote, wala hakuwa amekula hata jani moja.

"Ndugu zangu," akasema, "tazameni. Tazameni majani haya. Tazameni nyumba zile kando ya mto. Nani amepumzika hapa?"

Tembo akatazama. Wanangu, aliona. Nawaambia aliona, kwa sababu mkonga wake ulinyooka wenyewe ukaelekea kwenye majani, ukanusa, ukarudi.

"Kaka Tembo," Nyati akaendelea, "uliwahi kuingia humu hata siku moja?"



"Hiyo si hoja," Pimbi akasema haraka, kutoka mgongoni kwa Kifaru. "Hoja ni kwamba kuna sheria. Anayevunja Bunge hutolewa nchini."

"Sheria hiyo imepita lini?"

"Imepita."

Kifaru akamtazama Tembo. Tembo akatazama chini. Kama Nyati alikuwa na haki, basi wao wawili walikuwa wamekula miiba bure, wamepongezwa bure, na mtoto wa mwenzao amekufa wao wakitazama. Hilo lilikuwa zito kulibeba, hata kwa Tembo. Kumbeba Nyati kulikuwa rahisi zaidi.

"Sheria ni sheria," akasema Kifaru.

Wakamsukuma. Mmoja huku, mmoja kule, mpaka mtoni, mpaka ng'ambo. Nyati hakupigana nao. Alipofika upande wa pili alitembea bila kugeuka, na tangu siku hiyo Nyati akimwona mtu yeyote porini hamsubiri aseme neno.

Kesho yake Tembo na Kifaru wakapewa kazi ya kupanga mawe upya. Ukuta ulipofika kimo cha vigoda, Bunge likaketi. Pimbi akainuka wa kwanza, amevaa kitambaa cheusi shingoni.

"Mheshimiwa Spika, naomba tusimame kumkumbuka marehemu, yule ndama, yule..." Akamnong'oneza Sungura. Sungura hakulijua jina. "Yule mtoto wetu mpendwa."

Wakasimama wote, wameinamisha vichwa. Nje, Tembo akaliweka chini jiwe alilokuwa amelibeba, naye akasimama. Machozi yakamchuruzika mpaka kwenye pembe, akamwambia Kifaru kwa sauti ya chini, "Wana huruma, hawa."

Kisha wabunge wakaketi, na Spika akaita shughuli inayofuata.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa, wanangu, na funzo lake ni hili: mwenye nguvu asiyeuliza huwa kamba ya kumfungia mwenzake.