Mjane Aliyekataa Kuitikia Jina la Mumewe

Wamesimulia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika mji mmoja wa mpakani wajane wa waliouawa vitani walipewa fungu la ngano na mafuta kila baada ya miezi minne, pamoja na askari waliorudi na ulemavu. Fungu hilo lilitolewa makaburini, wakati wa dhuha. Mjane alisimama penye kichwa cha kaburi la mumewe, katibu akaita jina la marehemu, naye akaitikia, "Tupo kwa ajili yake." Asiyekuwa na kaburi hakuwa na fungu, ila wapatikane mashahidi wawili wa kifo cha mumewe.

Katika wajane hao alikuwamo Umaima binti Sahl, mama wa watoto watatu, mkubwa wao Jabir. Mwaka wa nne wa ujane wake, katibu aliita, "Nufail bin Asad!" Kabla hajaitikia, Umaima alisikia sauti ya mwanamume kutoka chini ya udongo aliousimamia.

"Si mimi."

Haikuwa sauti ya mumewe. Akatazama kulia na kushoto. Jirani yake alikuwa anapiga miayo. Umaima akaitikia kama desturi, akachukua kapu lake.

Miezi minne ikapita, jina likaitwa, na sauti ikasema vilevile. Safari hii ilikuwa karibu zaidi, kama ya mtu aliyeinuka kidogo. Umaima akaitikia tena. Siku hiyo watoto walikula mkate, lakini yeye hakuweza kuumeza.

Mara ya tatu, sauti iliposema, alinyamaza.

"Mama Jabir, itikia utupishe," akasema mwanamke mmoja aliyekuwa akingoja zamu. "Jua linatuchoma, nawe umenyamaza kama bibi harusi."

"Aliyelala hapa si mume wangu," Umaima akasema. "Ameniambia mwenyewe."

Watu wakacheka. Kisha waliokuwa karibu na kaburi wakasogea mbali nalo.

Katibu, aliyeitwa Mughith, hakuwa mtu katili. Akainama, akasema kwa sauti ya chini, "Mimi sikusikia kitu. Sema umekosea, uchukue kapu lako. Ukilishikilia neno hili, itanibidi nizuie fungu, na wanao watalala njaa."

"Najua watalala njaa. Lakini na huyu pia ana mama yake mahali."

Hapo akalia mtu katika safu ya walemavu. Alikuwa Waddah, aliyepoteza mguu katika vita vilevile, na ndiye aliyeapa kwamba maiti ile ni ya Nufail.

"Mama yake ni Bi Rabab," akasema. "Huyo ni Jundab."

Akaeleza. Askari wa mpaka ule walikuwa na mazoea ya kubadilishana mikanda kabla ya vita, kila mmoja akiahidi kuufikisha mkanda wa mwenzake nyumbani. Waddah alikuta maiti isiyotambulika uso, imefungwa mkanda wa Nufail, akaapa. Baadaye akakumbuka kwamba Nufail alibadilishana mkanda na Jundab, na kwamba yeye Waddah alimwona Nufail kwa macho yake akichukuliwa na mto. Akaogopa, kwa kuwa aliyeapa kimakosa hunyimwa fungu lake. Jundab akaandikwa mtoro, na kwa miaka minne wanawake wa kisimani walikuwa wakivuta nguo zao wasigusane na mama yake.

Bi Rabab akaitwa. Alipofika, alikaa juu ya udongo wa kaburi lile.

Mughith akaandika jina la Jundab kwa kaburi lile, na fungu lake likapewa mama yake. Kuhusu kifo cha Nufail, alikuwa na shahidi mmoja tu, Waddah. Kanuni ilikuwa kwamba jina lenye shaka huitwa siku tatu za fungu, na lisipopata shahidi wa pili hufutwa. Umaima akarudi nyumbani na kapu tupu.

Akasokota sufu za watu. Bi Rabab akamletea nusu ya ngano yake.

"Ya mwanao hii, Bi Rabab."

"Ndiyo. Na wewe ndiye uliyenirudishia mwanangu. Pokea, watoto wanatutazama."

Siku ya kwanza ya fungu jina la Nufail likaitwa, pakawa kimya. Siku ya pili vilevile. Umaima alihudhuria zote mbili, akasimama kando kwa kuwa hakuwa na kaburi la kusimamia, na hakumlaumu mtu.

Siku ya tatu Mughith aliita huku amekwisha kuchovya kalamu ili afute.

"Nufail bin Asad!"

"Nipo," ikajibu sauti, kutoka upande wa mto.

Safari hii waliisikia wote. Umaima akaufunika uso kwa shela yake, kwani ile ilikuwa sauti ya mumewe. Mughith akaandika kwamba shahidi wa pili amepatikana. Mahali pa jina la shahidi hakuandika kitu.

Ndugu zangu, habari za waliolala makaburini ziko kwa Mola wao, nasi hatuna la kuongeza. Lililo letu ni la yule mama: aliyasikia maneno ambayo hakuna mwingine aliyeyasikia, na kuyaficha kungewashibisha wanawe, naye hakuyaficha. Basi kila mmoja wetu na ajiulize ni jina la nani analoliitikia.