Pimbi Aliyeficha Mihogo

Hadithi nayo!
— Nayo ije!
Ikija na machozi?
— Tutayafuta!

Hapo zamani za kale, mtoto wa Pimbi aliishi na mamake majabalini. Siku moja Tai akashuka, akamnyakua mama. Pimbi akabaki peke yake.

Akaenda kwa mjomba wake. Mjomba akachungulia tu. "Pango limejaa, mpwa wangu. Jaribu mbele."

Akaenda kwa Nyani. "Ingia, ingia!" Pimbi akateka maji, akabembeleza watoto, akala makombo. Ndizi zilipopotea, Nyani hakuuliza. "Nani mwingine kama si huyu asiye na kwao?" Akamfukuza.

Akaenda kwa Kanga. Wageni wakija, Kanga humkalisha mbele: "Mnamwona yatima wangu?" Wageni wakiondoka, sahani nayo huondoka. Wageni walipokoma kuja, Pimbi akaambiwa ashike njia.

Akawa analala nje, kajikunyata juu ya jiwe la baridi. Akiwaona pimbi wengine wamebanana wakiota jua na mama zao, hugeuza uso. Siku zikapita bila mtu kumwita jina.

Ndipo Nungunungu, mjane wa bondeni, akamkuta.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umekula?"

Pimbi akatikisa kichwa.

"Basi twende. Kukukumbatia siwezi, mwili wangu miiba mitupu. Lakini kwangu kuna nafasi."

Pimbi akaenda, lakini akalala mlangoni, tayari kufukuzwa. Kila akipewa muhogo, hula nusu, nusu huficha chini ya majani.

Asubuhi moja Nungunungu alipofagia, akaiona mihogo yote. Pimbi akainuka, akaanza kuondoka bila kuambiwa.

"Unakwenda wapi?"

"Si unanifukuza?"

Nungunungu akaitazama ile mihogo. "Hapo pana unyevu, mwanangu, itaoza. Ifiche huku, pakavu." Akachukua muhogo wake mwenyewe, akauweka juu. "Siku utakayoacha kuogopa, tutaila pamoja."

Pimbi akalia, akalia sana. Hakuwa amelia tangu mamake anyakuliwe.

Jioni ile hakulala mlangoni. Akaingia ndani, akalala karibu na Nungunungu. Si karibu sana, kwa ajili ya miiba.

Upweke haukumwisha mara moja. Siku nyingine alikaa nje akiyatazama majabali. Nungunungu alimwacha akae, kisha akamwita kula.

Basi, wenzangu, kumfungulia yatima mlango hakutoshi. Ukimchukua mtoto, ipokee na hofu yake, umvumilie mpaka imtoke.

Hadithi yangu imefika. Mwenye kwao aende kwao, asiye na kwao tumsogezee mkeka.