Mkono wa Bwana Hamduni

Palikuwa na tajiri, Bwana Hamduni, tumbo mbele, fadhila nyuma. Wachoraji wa mtaa walikuwa wakifanya kazi katika ghala lake bovu, wakaliezeka wenyewe. Lilipoacha kuvuja, akawaambia wahame.

"Ila kwanza mnichore ukutani, mkuu wa wilaya anakuja kututembelea. Malipo hakuna, mtapata jina."

Wachoraji wakanuna. Mwenzao Nyamizi, mwanamke mwenye maneno laini kama mlenda, akacheka.

"Tutakuchora, bosi. Mkono tuufumbate au tuunyooshe?"

"Unyooshe, mjinga wewe! Nionekane mkarimu."

"Haya. Lakini usichungulie. Sura ya mtu mkubwa hufunuliwa mbele ya mgeni."

Akafunika ukuta kwa shuka.

Mgeni alipofika, shuka likavutwa. Hamduni alionekana mkubwa kama nyumba, anatabasamu, anawakabidhi wachoraji ufunguo wa ghala. Mtaa mzima ukapiga vigelegele.

"Kumbe umewapa ghala lako!" mkuu wa wilaya akasema, akimkumbatia. "Wengine wangewafukuza."

Hamduni akautazama ukuta, akawatazama watu.

"Nimewapa," akasema.

Nyamizi akakinga kiganja.

"Ufunguo wa ukutani tumeuona, bosi. Sasa toa ule wa mfukoni."