Mama Paa na Dawa ya Madoa

"Paukwa!"
"Pakawa!"
"Kulikuwa na nani?"
"Na Mama Paa!"
"Uso wake je?"
"Una habari, tupe!"

Mama Paa alipokuwa mjamzito, madoa ya rangi ya kahawa yalimtoka mashavuni na juu ya mdomo. Akajifungua salama, kitoto cha kike, akakiita Tunu. Madoa hayakuondoka. Kila alipokwenda mtoni wenzake walinong'ona, "Karogwa huyo." Aibu ikamshika. Akawa anakwenda saa saba, jua la utosini, wenzake wakiwa vivulini. Ndivyo madoa yakazidi kukolea.

Fisi akamwona. "Mama, dawa ninayo. Jipake, kaa juani ikauke. Malipo yangu ni huyo mtoto, aje anifagilie pango."

Mama Paa alijua pango la Fisi limejaa mifupa. Alijua. Lakini aliinama mtoni, akauona uso wake, akapokea kibuyu cha dawa.

Siku ya kwanza shavu likawasha. Siku ya pili likawaka. Siku ya tatu ngozi ikabanduka, doa likawa jeusi kama chungu. Tunu akamnusa mama yake, akarudi nyuma. Hapo Mama Paa akalia kwa sauti.

Bi Pimbi, mdogo kama ngumi mbili, akashuka kutoka majabalini.

"Nani kakwambia umerogwa, mwanangu? Mimba huleta madoa, na jua huyakoleza. Nipe hicho kibuyu."

Mara Fisi huyo, ti! ti! ti! "Mtoto yuko wapi?"

"Yupo, mganga," akasema Bi Pimbi. "Na mimi nina wajukuu wanne, nitakupa wote. Ila wanaogopa. Wanauliza, mganga wa madoa, mbona mwenyewe ana madoa mgongo mzima?"

Wanne! Mate yakamtoka Fisi, do! do! do! Dawa yenyewe hakuwahi kuijaribu hata kwenye ukucha. Akakipokea kibuyu kwa Bi Pimbi, akajipaka mgongo.

"Na uso, mganga."

Akajipaka uso.

"Na jua, mganga. Si ulisema mwenyewe?"

Akalala juu ya jabali. Jiwe la moto chini, jua juu.

"Nawashwa!"

"Ndiyo inaingia hiyo."

"Naungua!"

"Vumilia, wajukuu wanakuja."

Chwaaa! Ngozi ikabanduka. Fisi akaruka, akajitosa matopeni, akatoka mbio akilia hadi ng'ambo ya mlima. Hakurudi.

Mama Paa akarudi kwenda mtoni alfajiri na wenzake, mchana akakaa kivulini. Masika yakapita mara mbili. Madoa yakafifia polepole. Moja, la juu ya mdomo, likabaki. Tunu akarudi kumlamba mama yake, palepale penye doa.

Ngano imechoka miguu, imekaa. Tamu yake ni yenu, chungu yake nitaimeza mwenyewe.

Na funzo? Mwenye doa usoni asikae kivulini kama mvivu. Ajipake chochote anachopewa na yeyote mwenye meno makubwa. Majirani watamsifu, wakimkuta hai.